Majivu ya Volkano na Nauli ya Ndege

Wengi wenu mmepata kusikia kwamba mlima fulani umetoa moto, kesho yake ndege zikakaa chini katika nchi iliyo mbali kabisa na mlima ule, na keshokutwa nauli zikapanda hata mtu wa kipato kidogo asithubutu kuuliza bei. Jambo hili huwashangaza watu. Mlima umelipuka kwa wengine. Kwa nini mimi niliye mbali nilipe zaidi?

Katika somo hili nataka kueleza mambo manne. Kwanza, majivu ya volkano ni kitu gani. Pili, kwa nini rubani huyaogopa kuliko mvua na radi. Tatu, yaliyopata kutokea katika Afrika yetu na kwingineko. Nne, kwa nini nauli hupanda, na kama kupanda kwake ni haki.

Pengine mtu atasema, "Wewe ni mzaliwa wa Mbau, na Mbau hakuna uwanja wa ndege. Yakuhusu nini?" Namjibu hivi. Tazama ramani. Kutoka pwani yetu ya Mocímboa da Praia, ukienda mashariki moja kwa moja baharini, zaidi kidogo ya kilomita 300, utafika Ngazija, na juu ya Ngazija umesimama mlima Karthala, wenye urefu wa mita 2,361. Mlima huo u hai. Mwaka 2005 ulilipuka mara mbili, mwezi wa Aprili na mwezi wa Novemba, ukamwaga majivu juu ya vijiji na kuyachafua maji ya mvua ambayo watu huyahifadhi katika mabirika. Basi volkano ni jirani yetu ng'ambo ya maji. Tena wanafunzi wa zamani wa shule hii wako mbali kwa kazi na masomo, na siku ya msiba au ya ugonjwa hutafuta ndege kama watu wengine.

I. MAJIVU YA VOLKANO SI MAJIVU YA JIKONI

Majivu ya jikoni ni mabaki ya kuni zilizoungua. Ni laini, nayo mama zetu huyatumia kusugulia masufuria. Majivu ya volkano hayakutokana na kitu kilichoungua. Ni mawe na kioo vilivyosagika vipande vidogo sana. Wataalamu huita majivu kila kipande kisichozidi milimita 2, lakini vile vinavyosafiri mbali ni vidogo kama unga, na ukivitazama kwa hadubini utaona vina ncha kali.

Hupatikanaje? Chini ya volkano kuna mawe yaliyoyeyuka kwa joto, na ndani yake mna gesi nyingi. Mawe hayo yakipanda juu, uzito uliokuwa ukiyakandamiza hupungua, na gesi hutoka kwa nguvu. Chukua chupa ya soda, itikise, kisha uifungue ghafula: soda yote hutoka kwa povu. Ndivyo ilivyo katika mlima, ila povu la mlima ni la mawe, nalo hupasuka likawa vumbi. Mlipuko ukikutana na maji au barafu, mawe ya moto hupoa ghafula na kuvunjika zaidi, na vumbi huwa jembamba zaidi.

Vumbi hili hurushwa juu kilomita nyingi. Sasa angalieni hesabu: ndege kubwa za abiria huruka kati ya mita 9,000 na mita 12,000. Mlipuko mkubwa hufika huko na kupita. Na upepo wa huko juu una mwendo wa kasi, tena mara nyingi hauendi upande mmoja na upepo wa chini tunaousikia mashambani. Ndiyo maana mtu hawezi kusema, "Kwetu kusi unavuma, majivu hayatatufikia."

II. KWA NINI RUBANI HUYAOGOPA

Injini ya jeti huvuta hewa nyingi sana, huikandamiza, huichanganya na mafuta, na kuiwasha. Ndani yake joto hupita nyuzi 1,400 za Selsiasi. Majivu ya volkano, kwa kuwa mengi ni kioo, huyeyuka kwenye nyuzi kama 1,100. Basi majivu yakiingia katika injini huyeyuka, yakaenda mbele kidogo mahali penye joto dogo, yakaganda juu ya mapanga na matundu ya injini kama nta iliyomwagika. Hewa haipiti tena vizuri, na injini huzimika. Zaidi ya hayo, majivu husugua kioo cha mbele cha ndege mpaka rubani asione, na huziba vipimo vya mwendo.

Jambo hili lilijulikana kwa hatari kubwa. Tarehe 24 Juni 1982 ndege ya British Airways, aina ya Boeing 747, ilikuwa ikitoka Kuala Lumpur kwenda Perth, ina watu 263. Usiku ule ilipita katika majivu ya mlima Galunggung katika kisiwa cha Java. Injini zote nne zikazimika. Ndege ikashuka kimya kutoka karibu mita 11,000 mpaka karibu mita 4,000. Huko chini ilitoka katika wingu la majivu, kioo kilichoganda ndani ya injini kikapoa na kubanduka, na injini zikawaka tena. Nahodha Eric Moody na wenzake wakatua Jakarta, ingawa kioo cha mbele kilikuwa kimesuguliwa hata hakipitishi nuru vizuri. Hakufa mtu.

Mtu angeweza kudhani kwamba hiyo ni bahati mbaya ya mara moja tu. Lakini tarehe 15 Desemba 1989 ndege ya KLM yenye watu 245 ilipatwa na mkasa ule ule juu ya Alaska, kwa majivu ya mlima Redoubt. Injini zote nne zilizimika, zikawaka tena, ndege ikatua Anchorage. Tena hakufa mtu.

Labda mtauliza, "Kwa nini rubani asiyaone na kuyakwepa?" Mchana, karibu na mlima, huweza. Usiku, au yakiisha kutawanyika mbali, hawezi. Rada ya ndege imeundwa ili ione matone ya mvua. Majivu ni makavu na madogo mno; rada haiyaoni vema. Kwa sababu hiyo dunia iligawanywa sehemu, na kukawekwa vituo 9 vya kuangalia majivu kwa picha za setilaiti na kuwaonya marubani. Sehemu kubwa ya Afrika huangaliwa na kituo cha Toulouse, Ufaransa.

III. YALIYOTOKEA

Sasa natoa mifano, na wa kwanza ni wa Goma, katika Kongo ya mashariki. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka. Safari hii taabu ya ndege haikuletwa na majivu. Lava, yaani mawe yaliyoyeyuka, ilitiririka kama mto wa moto, ikapita katikati ya mji mpaka Ziwa Kivu, ikafunika sehemu ya njia ya kurukia ndege. Mawe yale yalipoganda, njia ilibaki fupi, na ndege kubwa hazikuweza kuitumia kama zamani. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulitoa lava tena, nayo ikasimama karibu na uwanja ule ule.

Mfano wa pili ni wa Eritrea. Usiku wa tarehe 12 Juni 2011 mlima Nabro, ambao haukujulikana kuwa ulipata kulipuka katika kumbukumbu za watu, ulilipuka. Wingu lilienea juu ya Ethiopia na Sudan. Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani wa wakati ule, Hillary Clinton, alikuwa Addis Ababa, naye ilimbidi aondoke mapema kabla njia haijafungwa. Hata wakubwa hawana ruhusa ya kupita katika majivu.

Mfano wa tatu ni wa juzi. Tarehe 23 Novemba 2025 mlima Hayli Gubbi, katika nchi ya Waafar kaskazini-mashariki ya Ethiopia, ulilipuka, na majivu yakapanda kama kilomita 14. Kijiji cha Afdera kilifunikwa vumbi. Wingu lilivuka Bahari ya Shamu, likapita juu ya Yemen na Oman, na siku ya pili likafika India ya kaskazini, kilomita zipatazo 4,000 kutoka mlimani. Mashirika ya India yakavunja safari kadhaa, na mengine yakazungusha ndege zao njia ndefu. Basi mlima wa Afrika, ambao watu wengi hawakupata kulisikia jina lake, uliwakalisha chini abiria wa Delhi.

Mfano wa nne ndio mkubwa kuliko yote. Tarehe 14 Aprili 2010 mlima Eyjafjallajökull wa Iceland ulilipuka chini ya barafu. Upepo ukayasukuma majivu juu ya Ulaya. Tangu tarehe 15 Aprili, kwa muda wa siku sita hivi, anga ya sehemu kubwa ya Ulaya ilifungwa. Safari za ndege zipatazo 100,000 zilivunjwa, watu milioni 10 hivi wakakwama, na mashirika ya ndege yakakadiriwa kupoteza dola bilioni 1.7. Mchekeshaji mashuhuri wa Uingereza, John Cleese, alikodi teksi kutoka Oslo mpaka Brussels kwa kroner 30,000 za Norway, yaani zaidi ya dola 5,000. Serikali ya Uingereza nayo ilipeleka manowari Santander, Hispania, kuwachukua askari na raia waliokwama.

Lakini nataka mwangalie Naivasha, Kenya. Huko hulimwa maua ya kuuzwa Ulaya. Maua hukatwa leo, husafirishwa usiku kwa ndege, na kesho hufika sokoni Uholanzi. Ndege ziliposimama, maua yalijaa katika maghala ya baridi, kisha yakatupwa au kupewa ng'ombe. Hasara ya Kenya ilikadiriwa wakati ule kuwa kama dola milioni 3 kwa siku. Vibarua kwa maelfu waliambiwa wakae nyumbani, na kibarua akikaa nyumbani hapati mshahara. Basi kati ya watu walioumizwa zaidi na majivu ya Iceland wamo akina mama wa Naivasha ambao hawajapata kupanda ndege maishani mwao.

IV. KWA NINI NAULI HUPANDA

Sasa tufanye hesabu. Idadi na bei nitakazotaja nimezitunga kwa ajili ya mfano tu.

Tuseme kuna njia yenye ndege 4 kwa juma, na kila ndege ina viti 100. Hivyo ni viti 400. Kwa kawaida viti 80 katika kila 100 vina watu, yaani abiria 320 kwa juma, na viti 80 ni vitupu. Majivu yanakuja na kufunga njia juma zima. Abiria 320 wanakwama. Juma la pili njia inafunguka. Je, wote watasafiri juma hilo? La. Viti 320 vya juma la pili vilikwisha nunuliwa zamani na wenyewe. Vilivyobaki ni 80 tu. Basi waliokwama wataondoka 80 juma la pili, 80 la tatu, 80 la nne, na 80 la tano. Njia ilifungwa juma moja, na msongamano ukadumu majuma manne baada ya kufunguliwa!

Katika majuma hayo manne, mtu mpya mwenye mgonjwa au msiba hupata wapi kiti? Hapo ndipo bei hupanda, kwa sababu nne.

Kwanza, viti vya ndege moja haviuzwi kwa bei moja. Tuseme katika viti 100, viti 20 vinauzwa meticais 5,000 kila kimoja, viti 50 meticais 8,000, na viti 30 meticais 14,000. Vya bei ndogo hununuliwa mapema na kwisha. Mtu ajaye mwisho hukuta vya 14,000 tu. Husema, "Wamepandisha nauli!" Kumbe pengine hakuna aliyegusa orodha ya bei, vya chini vimekwisha.

Pili, ndege ikizunguka ili kukwepa majivu hula mafuta mengi zaidi, na mafuta ni gharama kubwa katika safari.

Tatu, ndege na marubani huwa mahali pasipo pao. Ndege ya kwenda kusini imelala kaskazini, na rubani aliyekesha hana ruhusa ya kuruka mpaka apumzike. Kwa hiyo hata anga likiwa wazi, viti havirudi vyote siku moja.

Nne, wako watu wanaoona shida ya mwenzao na kuipima kwa fedha. Hawana gharama mpya. Wanajua tu kwamba mtu hana njia nyingine.

V. JE, NI HAKI?

Watu wa kwetu tumelijua jambo hili bila volkano. Mwisho wa Desemba 2019 mafuriko ya mto Montepuez yalichukua daraja la barabara ya N380, ambayo ndiyo njia yetu ya kwenda Pemba. Magari yakasimama ng'ambo hii na ng'ambo ile, na watu wakavushwa kwa vyombo. Mjomba wangu alivuka siku zile, akatusimulia kwamba aliona wavushaji wa namna mbili. Mmoja alikuwa ameongeza bei yake, lakini alitaja bei moja kwa watu wote, na wagonjwa na wenye watoto aliwapitisha mbele. Wa pili hakutaja bei. Alimtazama mtu, akautazama mzigo wake na haraka yake, ndipo akasema kiasi. Mjomba alisema, "Wa kwanza alikuwa ghali, na tulimshukuru. Wa pili tulimlipa tukiwa kimya." Na katika miaka ya vita, 2020 na 2021, barabara ile ilipokuwa haipitiki, aliyeweza kulipa ndege alipanda ndege, asiyeweza alikwenda kwa mashua au kwa miguu.

Kwa maoni yangu, hadithi ya mjomba yatupa kipimo. Bei kupanda si dhambi yenyewe. Viti vikiwa 80 na watu 320, hata vikitolewa bure, watu 240 watabaki. Bei ndogo haizai kiti kipya. Tena anayevusha watu katika mto uliojaa hutoa nguvu na kuhatarisha chombo chake, nayo yapasa alipwe. Walakini bei peke yake si mwamuzi mwema, kwa sababu haiulizi nani ana haja kuliko mwingine. Huuliza nani ana fedha. Tajiri aendaye matembezini atapata kiti, na mama mwenye mtoto wa kupasuliwa atabaki. Kwa hiyo pawe na kanuni: bei itangazwe wazi, iwe moja kwa watu wa namna moja, na wenye haja ya lazima wapewe nafasi kwanza.

Nchi za Ulaya ziliweka kanuni ya namna hiyo kwa sheria nambari 261 ya mwaka 2004. Shirika likivunja safari humpa abiria achague: arudishiwe fedha, au apelekwe kwa njia nyingine. Na anapongojea kupelekwa, shirika humpa chakula na mahali pa kulala. Baada ya majivu ya 2010, abiria mmoja kutoka Ireland aliyekwama Ureno karibu juma zima alidai zaidi ya euro 1,100 alizotumia kwa chakula na malazi. Shirika likajitetea kwamba mlima si kosa lake. Tarehe 31 Januari 2013 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilikata shauri: ni kweli mlima si kosa la shirika, kwa hiyo halilipi fidia, lakini wajibu wa kumtunza abiria ungalipo, nao haukomi kwa sababu msiba ni mkubwa. Hukumu hii yafaa kufikiriwa sana. Yafundisha kwamba kutokuwa na kosa hakumwondolei mtu wajibu kwa aliye mikononi mwake.

Jambo lingine lilirekebishwa. Kabla ya 2010 Ulaya ilishika kanuni kwamba majivu yakiwapo, hata kidogo, ndege zisiruke. Katika siku zile sita wataalamu na watengenezaji wa injini walikubaliana kipimo: miligramu 2 za majivu katika meta moja ya ujazo ya hewa zaweza kuvumiliwa. Kwa kipimo hicho njia nyingi zilifunguliwa. Wako waliosema kwamba kufungwa kote kule kulikuwa woga. Mimi sikubali. Watu 263 wa mwaka 1982 na 245 wa mwaka 1989 waliokoka kwa kuwa injini zao ziliwaka tena, na hakuna mtu awezaye kuahidi kwamba injini za safari ya tatu zitawaka. Hasara ya fedha hulipika polepole.

VI. SHAURI KWA WASAFIRI

Safari ikivunjwa kwa majivu, usiirudishe tikiti kwa haraka. Mwenye tikiti ana nafasi katika safu ya waliokwama. Aliyerudishiwa fedha huanza upya, naye atakuta viti vya bei kubwa tu. Uliza kwa maandishi shirika litakupa nini. Tunza kila stakabadhi ya chakula na malazi. Usinunue kiti kwa mtu wa njiani asiyetoa stakabadhi. Na kama safari yako si ya lazima, iahirishe, ili kiti chako apate mwenye mgonjwa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti ya majivu ya jikoni na majivu ya volkano. Kwa nini ya pili huyeyuka ndani ya injini?

2. Kwa nini injini za ndege ya mwaka 1982 ziliwaka tena baada ya ndege kushuka?

3. Njia ina ndege 5 kwa juma, kila moja ina viti 60, na kwa kawaida viti 50 vina watu. Njia imefungwa juma moja. Waliokwama watamalizika kusafirishwa baada ya majuma mangapi?

4. Mvushaji wa kwanza na wa pili wa mto Montepuez wote walitoza zaidi ya kawaida. Je, wamekosa sawa? Toa sababu zako, kisha mwulize mzee wa kwenu aliyepata kuvuka mto siku za mafuriko, ulinganishe majibu.

Jibu la swali la tatu litatolewa katika toleo lijalo. Atakayelipata kabla asimwambie mwenzake.

Mwanafunzi wa darasa la mwisho, mzaliwa wa Mbau